Miguu ya Enid Haigh

Ukitaka kumjua Norris Haigh usihangaike kumtazama, msikilize. Nyumba yake na yangu zina ukuta mmoja, na tangu nihamie hapa na marehemu mume wangu sijawahi kumsikia akisema neno dogo. Akiomba chumvi mezani kwao, mimi huku nanyoosha mkono. Alishuka mgodini akiwa kijana kama wavulana wote wa mji wetu wa Askerby, akachimba makaa mpaka mgodi ulipofungwa, lakini ukimuuliza alikuwa nani maishani hatakutajia mgodi. Atavuta pumzi kwanza, halafu atakwambia kwamba yeye ni katibu wa burudani wa klabu ya wafanyakazi.

Katibu wa burudani huchagua waimbaji wa Jumamosi, huwatangaza, huwanyamazisha wasikilizaji, huita namba za bingo, na mwimbaji akiwa hovyo humfungasha virago wakati wa mapumziko. Hiyo ya mwisho Norris aliipenda kuliko zote. Nimemwona akimfukuza mchezesha vikaragosi katikati ya sentensi, na kikaragosi kikiwa bado kimefungua mdomo. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nikimimina bia, kazi ninayoifanya mpaka leo, na kila alipoingia jukwaani na suti yake ya kahawia nilijiambia moyoni: debe tupu haliachi kuvuma, na la kwetu limepewa kipaza sauti.

Miongoni mwa aliowafungasha virago walikuwa vijana wanne wa bendi ya Tinder Row. Enzi hizo hawakuwa na gari. Walikuja na basi, ngoma wamezipakata. Kosa lao lilikuwa kelele, yaani walimzidi yeye sauti.

"Rudini makwenu mkajifunze kunong'ona," aliwaambia kwa kipaza sauti, ukumbi mzima ukisikia.

Basi hao hao wakawa matajiri wa kutupwa, wakahamia nchi ambazo kodi haiwafuati, na kutoka huko wakawa wanatuimbia jinsi wanavyoikumbuka harufu ya makaa. Rex Dunnill, mwimbaji wao, hajawahi kubeba hata ndoo ya makaa ya sebuleni. Mama yake alikuwa na duka la kofia. Lakini akivaa ile suruali ya kubana na kufumba macho, wanawake wazima walimwamini, na wanaume nao wakanunua suruali kama ile, na matokeo yake tuliyaona wenyewe kila Jumamosi.

Kiangazi cha mwaka themanini na tatu walirudi Askerby. Wimbo ulikuwa hauuziki siku hizo bila sinema yake ndogo ya kuonyeshwa kwenye televisheni, na wao walitaka ya kwao ipigwe kwenye klabu ya kweli, yenye watu wenye sura za kweli. Sura zetu walizipenda sana. Walitupanga kwenye meza tukiwa na bia zetu, wakatuambia tusitabasamu. Norris alipewa nafasi ya kufungua: asimame na kipaza sauti, agonge meza, aseme watu wanyamaze. Alirudia mara nyingi kuliko walivyomwomba.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mwanamke anayecheza peke yake juu ya meza ya snuka, ile ndefu ya kitambaa cha kijani, na mwanaume amesimama na kijiti chake anamtazama, hajui aseme nini. Wakaja na binti mcheza dansi kutoka London. Hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu mlangoni mwa chumba cha snuka palikuwa na mstari mweupe sakafuni, na mwanamke alikuwa hauvuki. Awe mke wa mwenyekiti, awe malkia mwenyewe. Hata kufagia humo walifagia wanaume, ndiyo maana palikuwa pananuka.

"Mwanamke hapiti hapa," Norris alimwambia mkuu wa wapiga picha, kijana aliyejifunga skafu shingoni na jua linawaka.

"Lakini bwana, wimbo wote ni wa mwanamke!"

"Basi wimbo wenu una kasoro."

"Tumekuja na magari matatu."

"Mlikuja na basi zamani, na sheria ilikuwa hii hii."

Yule kijana akacheka, akadhani anataniwa. Alipoona hataniwi, akasema haya, nipeni mwanaume basi, tutampiga picha magoti kushuka chini, nani atajua? Wakajitokeza wanaume, wamelewa vizuri, wana mabuti. Norris akawatazama miguuni, kisha akatazama kile kitambaa cha kijani, ambacho kilikuwa kipya na yeye ndiye aliyekipigania kwenye kamati. Akawafukuza wote. Kwa akili yake, Askerby nzima haikuwa na miguu ya kuaminiwa juu ya kitambaa kile isipokuwa ya kwake.

Gauni la yule binti halikumpita Norris mabegani. Akaenda nyumbani. Enid, mke wake, alikuwa anapiga pasi. Norris alifungua kabati, akatoa gauni la mkewe, jekundu la marinda, akatoa soksi ndefu za nailoni, akachukua wembe, akajifungia bafuni.

"Norris, kuna nini humo?" Enid alimuuliza mlangoni.

"Mambo ya klabu."

Mlango wa chumba cha snuka ukafungwa. Ndani walikuwa yule kijana wa skafu, mshika kamera, Rex Dunnill, na katibu wetu wa burudani ndani ya gauni la mkewe. Ili mwanamke asikanyage meza ile, Norris Haigh alinyoa miguu akaikanyaga yeye, akazungusha marinda, na mipira ya rangi ikawa inaviringika katikati ya nyayo zake. Sheria haikuvunjwa. Alitoka humo akiwa amevaa suti yake, akaniagiza bia, na hakuna aliyejua.

Mambo yangeishia hapo kama miguu ile isingekuwa mizuri. Norris alicheza mpira ujanani, na kichwa chake Mungu alikifinyanga kwa haraka lakini miguu aliipa muda. Sinema ilipoonyeshwa kwenye televisheni, nchi nzima ikawa inauliza miguu ile ni ya nani. Askerby hakuna aliyeuliza. Gauni jekundu la marinda Enid alilivaa kwenye dansi la mwaka mpya, akalivaa kwenye ubatizo wa binti yao, kila mtu analijua. Wakatazamana: kumbe Enid Haigh kapanda kwenye meza ya snuka!

Kamati ilikutana haraka kuliko walivyowahi kukutana kwa ajili ya paa linalovuja. Mwenyekiti alikuwa Horace Ogley, mtu anayevaa tai hata akilima bustani. Enid aliitwa, akasimamishwa kwenye mkeka wa mlangoni. Nilikuwa nafuta glasi, nikasikia yote.

"Enid, lile gauni ni lako?"

"Ni langu, Horace."

"Una la kusema?"

Enid akamtazama mume wake, ambaye alikuwa amekaa na kamati, penseli mkononi. Norris akaitazama penseli.

"Sina," alisema Enid.

Wakampiga marufuku ya maisha. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na mkono wa Norris ulinyooka pamoja na mingine. Nilimdharau siku ile nikidhani ni mume mkali tu, maana nilikuwa bado sijajua ukweli wenyewe.

Sasa fikiria mwanamke huyu. Enid Haigh si mtu wa makelele. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha peremende, akirudi jioni ananukia mnanaa, na furaha yake ya wiki ilikuwa ni klabu: kiti chake karibu na joto, glasi mbili za sheri, ule mvinyo mtamu, bingo, na kuimba kibwagizo pamoja na watu. Karamu ya harusi yake ilifanyika katika ukumbi ule. Baada ya marufuku, Jumamosi ilipofika Norris alivaa suti ya kahawia akaenda, yeye akabaki na televisheni. Mimi nikirudi kazini nilikuwa nikimwona dirishani anasokota uzi. Binti yao alipoolewa, karamu ilikuwa klabu, kwa sababu Norris alisema katibu wa burudani hawezi kumwozea binti kwingine. Mama wa bibi harusi alikula pai yake kwenye gari. Nilimpelekea mimi, na mbaazi zake za kuponda, kwenye kibakuli. Alinishukuru, akaniuliza kama keki imekatwa vizuri.

Na Norris? Akanenepa. Watu walimwonea huruma, mume aliyeweka sheria mbele ya ndoa. Alivishwa kilemba cha ukoka akakiona ni cha hariri. Akijua kuna mgeni, anajitahidi amweleze: "Hata mke wangu sikumhurumia."

Miaka ikaenda. Mgodi ukafungwa, kiwanda cha peremende kikafungwa, ila klabu haikufungwa. Ikaja siku wanawake wakakubaliwa kuwa wanachama kamili, nao ule mstari mweupe ukapakwa rangi ya sakafu. Enid akavaa koti lake zuri akaenda mpaka kwenye mkeka kuuliza kama sasa anaweza kuingia.

"Enid, dada yangu," Ogley alimwambia kwa upole wote, "marufuku yako ni ya maisha. Na wewe bado uko hai."

Siku ile alirudi kwangu badala ya kwenda kwake. Akakaa jikoni na koti lake, akanisimulia wembe, bafu, gauni, vyote. Akaniambia usiku wa kuamkia kikao Norris alipiga magoti akalia. "Wakijua, Enid, sitashika tena kipaza sauti. Watanicheka mpaka kaburini."

"Wyn, mwanaume mzima analia mbele yako," aliniambia. "Utafanya nini?"

"Utampa kitambaa," nilimjibu. "Humpi maisha yako."

Akaanza kufunga vifungo vya koti. Nikaona nimemuumiza, nikaomba radhi. Lakini maneno yalimkaa, kwa sababu majira ya majani kupukutika mwaka elfu mbili na tisa, harusi yao ikikaribia kutimiza miaka hamsini, alimweka Norris kitako akamwambia anachotaka. Hataki mkufu, hataki safari ya Uhispania. Anataka sherehe ifanyike Februari katika ukumbi ule ule wa karamu ya harusi yao, aingie kwa mlango wa mbele, na aingie akiwa hana kosa. Kwa hiyo Norris akaiambie kamati ukweli, basi.

"Nitasema," alijibu Norris. "Baada ya Krismasi."

Nilimsikia ukutani. Siku hiyo hiyo nilijua hatasema.

Ndipo Tinder Row, ambao hawakutaka kufa na wala hawakutaka kustaafu, wakatoa diski zao kwa ajili ya sikukuu: sinema zote za nyimbo zao tangu mwanzo, kwenye boksi moja jeusi, uzitazame nyumbani ukiwa na slipa zako. Juu ya boksi wamesimama wanne, wamechunwa ngozi za nyuso zikavutwa nyuma ya masikio, na nywele za Rex Dunnill ni nyeusi kuliko zilivyokuwa ujanani. Nyuma wameandika kwamba picha zimesafishwa moja moja mpaka zimekuwa safi kana kwamba zimepigwa jana. Laiti wangesafisha na nyimbo.

Ogley alilinunua boksi akalileta klabu amelikumbatia. Sinema yetu imo! Akatangaza itaonyeshwa Jumapili mchana, kwenye ile skrini kubwa ya kutazamia mpira. Jumapili mchana ndio wakati wa wanaume: wao klabu, wanawake jikoni na nyama ya tanuri, na hata baada ya sheria kubadilika, tanuri hazikubadilika. Enid alikuwa hataki kuiona diski hiyo nyumbani kwake, kwa hiyo Norris hakuwahi kuitazama. Alikumbuka tu ile picha ya televisheni za zamani, yenye chengachenga, ambayo mguu ni mguu.

Na akaona hapa ndipo pa kupatia ujanja. Kwa nini aseme kweli, wakati anaweza kuomba msamaha kwa niaba ya mke wake?

Jumapili ukumbi ulijaa. Norris akapanda jukwaani, akagonga kipaza sauti. Suti ilikuwa bado ya kahawia, ila kiuno chake kilikuwa kimehama.

"Ndugu wanachama, kimya tafadhali. Kabla ya sinema nina neno." Akavuta pumzi. "Mke wangu alikosa. Alikosa, na mimi mwenyewe niliinua mkono wangu afukuzwe, kwa sababu sheria haina mume."

Wakapiga makofi. Nilikuwa namimina bia, nikaimwaga nusu.

"Lakini mwanamke huyu amezeeka. Amejifunza. Nawaomba, ndugu zangu, mumsamehe, aje akae nami hapa siku yetu ya miaka hamsini."

Makofi tena. Mzee mmoja karibu na kaunta akafuta macho. "Mtu na nusu, Norris," alisema. Nikamwambia nusu nakubali, mtu sina uhakika.

"Norris, umesema kiungwana," Ogley aliitikia, tai imemkaba. "Nadhani hakuna atakayepinga. Tutazame sinema kwanza, halafu tupige kura."

Taa zikapunguzwa. Kwenye skrini akatokea Norris kijana anagonga meza, watu wakashangilia. Tukajiona sote, wembamba, wengine marehemu sasa, na kila aliyeonekana akaitwa jina kwa sauti. Mimi nilionekana mgongo. Kisha kikaja chumba cha snuka, na Rex Dunnill amejiegemeza ukutani na kijiti chake, na gauni jekundu, na miguu.

Ilikuwa mikubwa kuliko mlango. Na safi kweli, hawakudanganya kwenye boksi lao. Uliiona nailoni nyuzi kwa nyuzi, na chini ya nailoni, mguu wa kushoto, mstari wa bluu umeanzia kwenye kifundo umepanda mpaka katikati ya muundi, halafu ukajikunja kama ndoana.

Kwingine wangeweza kusema ni mshipa. Lakini ukumbi ule ulikuwa umejaa wachimba makaa. Mgodini ukichanika, vumbi la makaa linaingia kwenye jeraha, ngozi inajifunga nalo ndani, na kovu lako linakuwa la bluu mpaka unazikwa. Hakuna mwanaume pale ambaye hakuwa nalo moja. Na hakuna mwanamke aliyewahi kulipata, maana mgodini hawakushuka.

"Simamisha hapo!" alipiga kelele Duggie Marples, aliyechimba bega kwa bega na Norris miaka yote. "Horace, simamisha!"

Picha ikasimama. Mguu ukabaki hewani juu ya mpira mwekundu.

"Kovu hilo nalijua," alisema Duggie. "Mimi ndiye niliyelifunga, kwa shati langu mwenyewe. Lile gari la makaa lilipomburuta Norris."

Kwanza hakuna aliyecheka. Nadhani walikuwa wanamvalisha gauni vichwani mwao, na gauni lilikuwa gumu kupita. Halafu kutoka nyuma akasikika mmoja: "Katibu, hebu pandisha suruali!" Hapo ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza, bia zikaruka. Hata Ogley alishika tai yake kana kwamba inamcheka.

La kuvunda halina ubani, na mtu mwenye akili hapo angesema tu: ndiyo, ni mimi, nilikuwa nalinda kitambaa. Ninaapa wangemnunulia bia mpaka Krismasi. Waigizaji wa kiume wanaovaa magauni tumewashangilia jukwaani pale mara ngapi? Alikuwa na mlango wazi, alitakiwa apite tu.

Norris akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Enid..." alisema. "Enid alijikata. Kwenye banda la makaa, nyuma ya nyumba. Ni la kwake."

Nilimchukia. Siyo dharau ile ya zamani, ni chuki yenyewe. Nikageuka, nikachukua simu ya kaunta, nikapiga namba ya jirani yangu.

"Enid, zima tanuri uje."

"Nyama haijaiva, Wyn."

"Norris anasema kovu ni lako."

"Kovu gani?"

"Lile la bluu. Limeonekana kwenye diski. Ukumbi mzima umeliona, na amewaambia ni mguu wako."

Nilimsikia akizima kitu, nikasikia mlango. Simu hakuirudisha.

Nyumba zetu zinatazamana na klabu, kwa hiyo hakuchelewa. Alikuja na aproni, na slipa za nyumbani, unga mikononi. Bawabu akasimama kwenye mkeka amepanua mikono.

"Enid, unajua siwezi kuku..."

"Sogea, mwanangu. Nitakukanyaga."

Akasogea. Enid akapita katikati ya ukumbi, ambamo hakuwa ameingia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakumtazama Norris jukwaani, hakuitazama ile skrini. Alikwenda moja kwa moja chumba cha snuka, na sote tukamfuata, tukajazana mlangoni, wengine wakiwa bado wameshika glasi. Walikuwa wanacheza wawili. Aliwaambia wasimame pembeni, wakasimama. Akavuta kiti, akavua slipa akazipanga vizuri chini, akapanda kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti akapiga goti juu ya kitambaa cha kijani, kisha goti la pili, akainuka.

"Enid, teremka," alisema Ogley. Sauti yake haikuwa na nguvu. "Utaanguka."

"Horace, kwa kupanda meza hii mlinifungia nje. Nimekosa karamu ya harusi ya mwanangu. Nimekosa kila Krismasi." Alikuwa anahema. "Adhabu nimeshaimaliza. Kupanda kwenyewe ndiyo sijapanda."

Akashika gauni lake na aproni, akavipandisha mpaka magotini. Miguu yake ilikuwa mifupi, minene, imejaa mishipa ya uzee. Kovu halikuwepo hata la mbu.

"Mwenye macho aangalie," alisema. "Duggie, njoo karibu, wewe ndiye mjuzi."

"Nimeona, mama," Duggie alijibu, na kofia ilikuwa mkononi. "Nimeona."

Ndipo akacheza. Muziki haukuwepo, sinema ilikuwa imesimamishwa. Alizunguka polepole, mikono imeshika aproni, akausukuma mpira mmoja kwa kidole cha mguu ukaenda ukagonga ukingo, akausukuma mwingine. Haikuwa dansi nzuri. Unga ulimwagika kwenye kile kitambaa na hakuna aliyethubutu kusema neno. Mimi nilikuwa nalia na wala sikujificha.

Norris alijipenyeza mpaka mbele. Alifika pale ulipokuwa mstari, akasita, kisha akavuka, akanyoosha mkono.

"Enid, shika mkono wangu ushuke."

"Sema kwanza."

"Twende nyumbani, mama, tutaongea."

"Sema hapa."

Akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtu huyo alisema neno dogo.

"Ni yangu."

"Sauti, Norris. Si ndiyo kazi yako?"

"Miguu ni yangu!" alipaza, na sauti ikapasuka. "Nilikuwa mimi. Yeye hakuwahi hata kuingia humu."

Hakuna aliyecheka sasa. Norris alikuwa bado amenyoosha mkono, kiganja juu. Enid aliutazama mkono ule kwa muda, na nadhani aliukumbuka ulivyonyooka siku ya kura. Kisha akageuka, akatembea juu ya kitambaa mpaka upande wa pili wa meza, ambako hakukuwa na kiti wala mtu wa kumshika, akakaa ukingoni, akashuka peke yake.